Usajili wa Chamazi

Mpira wa miguu ukiisha kuchezwa, mwezi wa Mei au wa Juni, huanza mchezo mwingine usio na refa wala goli. Wachezaji huwa mapumzikoni, uwanja huwa kimya, na viongozi wa klabu hukaa na daftari zao wakihesabu nani atabaki, nani ataachwa, na nani atafutwe kwingine. Wapenzi wa mpira wa Tanzania huuita wakati huo dirisha la usajili. Wengi huupenda kuliko mechi zenyewe, kwa kuwa katika mechi mtu aweza kufungwa, lakini katika usajili kila timu hushinda mpaka siku ya kwanza ya ligi.

Chamazi ni mahali pafaapo kuutazama mchezo huo wa pili. Mtu atokaye mjini Dar es Salaam hufuata barabara ya Kilwa mpaka Mbagala Rangi Tatu, kisha huchepuka kuelekea Mbande. Na huko, katika wilaya ya Temeke, ndiko uliko uwanja wa klabu ya Azam, wenye nafasi ya watu kama 10,000. Klabu hiyo haina ukongwe wa kujivunia. Ilianzishwa mwaka 2004 na wafanyakazi wa kinu cha unga cha Mzizima, mali ya kampuni ya Bakhresa, waliotaka kujinyoosha viungo baada ya kazi. Kwanza ikaitwa Mzizima, kisha ikabadili jina mara kadhaa, na mwaka 2008 ikaingia katika Ligi Kuu. Katika nchi ambayo klabu nyingi husafiri kwa kuazima na kulala kwa huruma, klabu hii ilikuja na kiwanja chake, mabweni yake, shule yake ya chipukizi, na mwajiri alipaye mshahara mwisho wa mwezi. Si jambo dogo. Wapo wachezaji wengi wa Tanzania waliokwisha kucheza msimu mzima kwa ahadi.

Ingedhaniwa basi kwamba klabu ya namna hiyo ingetwaa ubingwa kila mwaka. Imeutwaa mara moja tu.

Sababu ya jambo hili haipatikani kwa kuhesabu fedha peke yake, na ili kuieleza vema yafaa kwanza kutazama jinsi kikosi kinavyojengwa. Ligi Kuu ina timu 16, na kila timu hucheza mechi 30. Sheria haisemi klabu itumie kiasi gani kwa mishahara. Tajiri aweza kulipa apendavyo. Kinachowekewa mpaka ni idadi ya wageni. Kwa muda mpaka huo ulikuwa wachezaji watano, ukasogezwa hadi saba, mwaka 2018 ukafika kumi, na baadaye kumi na wawili. Kila nafasi ya mgeni ni kama kiti katika chombo kilichojaa: amwekaye mshambuliaji kutoka Ivory Coast hana budi kumshusha beki kutoka Ghana. Kwa sababu hiyo Mtanzania mwenye kipaji hupanda bei kupita kiasi cha kipaji chake, kwa kuwa hali kiti cha mtu. Sheria iliyotungwa kuwalinda wenyeji imewafanya wenyeji bora kuwa bidhaa adimu, na bidhaa adimu hugombewa na wachache wenye uwezo.

Wamarekani walilikabili tatizo la wachache wenye uwezo kwa njia nyingine. Katika mpira wao, ule uchezwao zaidi kwa mikono, Bert Bell, mwenye timu ya Philadelphia iliyokuwa ikifungwa kila mara, alitoa shauri mwaka 1935 kwamba vijana wamalizao vyuo wasigombewe kwa fedha, bali timu zichague kwa zamu, na iliyoshika mkia ichague kwanza. Uchaguzi wa kwanza ukafanyika mwaka 1936. (Ni sadfa tu, lakini hupendeza kuitaja, kwamba Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936: wakati ule ule ambapo Philadelphia walikuwa wakitafuta njia ya kuwazuia wakubwa wasimeze kila kitu, Dar es Salaam ilikuwa ikiwazaa wakubwa wake.) Mwaka 1994 wakaongeza kikomo cha mishahara: jumla ya dola milioni 34.6 kwa kila timu, na asiruhusiwe yeyote kuzidisha. Tangu hapo kiongozi wa timu ya Marekani hufanya kazi mithili ya mama wa nyumbani mwenye kapu moja na fedha za kuhesabu. Akinunua nyama nyingi, atapunguza mchele.

Utaratibu huo si mgeni kabisa kwa mtu wa Dar es Salaam. Hasheem Thabeet, kijana wa mji huo mwenye urefu wa mita 2.21, alipita katika uchaguzi wa namna hiyo wa mpira wa kikapu mwaka 2009, akachaguliwa wa pili katika vijana wote, na timu ya Memphis. Stephen Curry alichaguliwa wa saba mwaka huo huo. Kwa hiyo zamu haiondoi makosa. Huyagawanya tu kwa haki zaidi. Lakini lipo jambo kubwa kuliko makosa: Thabeet hakuulizwa kama angependa Memphis. Kijana wa kwanza kabisa kuchaguliwa katika mpira wa Kimarekani mwaka 1936, Jay Berwanger, aliona mshahara hautoshi, akaacha kucheza akafanya kazi nyingine. Hiyo ndiyo njia pekee aliyokuwa nayo ya kukataa. Nchini Tanzania anayeshika mkia hapewi zawadi ya kuchagua kwanza, hushushwa daraja. Lakini mchezaji huchagua aendako, na katika kuchagua kwake ndimo Chamazi inamoshindwa.

Timu iliyotwaa ubingwa wa msimu wa 2013/14 ilijengwa kwa subira. John Bocco alikuwapo tangu klabu ilipokuwa daraja la chini. Himid Mao, Mudathir Yahya na mlinda mlango Aishi Manula walilelewa pale pale. Juu ya msingi huo wakawekwa wageni wachache waliochaguliwa vizuri, na Kipre Tchetche wa Ivory Coast akiwa wa mbele, ambaye msimu wa kabla yake alikuwa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 17. Mwingereza Stewart Hall aliianza kazi ya msimu ule, Mkameruni Joseph Omog akaimaliza. Mechi zilikuwa 26: Azam ikashinda 18, ikatoka sare 8, haikufungwa hata moja. Tangu Mtibwa Sugar ya mwaka 2000 hakuna aliyekuwa amelitoa kombe mikononi mwa Simba na Yanga, na tangu mwaka ule wa 2014 hadi 2025 hakuna tena aliyelitoa.

Kisha ukaja mwaka 2017. Katika dirisha moja Bocco, Manula, Shomari Kapombe na Erasto Nyoni waliondoka Chamazi wakaenda Msimbazi. Simba ilikuwa imekaa bila ubingwa tangu mwaka 2012. Msimu uliofuata ikautwaa, na ikautwaa mara nne mfululizo, Manula akiwa golini, Kapombe kulia, na Bocco nahodha. Watu husema Simba ilijengwa kwa fedha za Mohammed Dewji, na fedha hizo zilikuwapo kweli; lakini uti wa mgongo wa timu ile ulipikwa katika jiko la Chamazi, ukapakuliwa Kariakoo.

Kwa nini waliondoka? Mikataba huisha, na mtu mzima ana haki ya kutafuta riziki. Hata hivyo mshahara wa mchezaji wa Tanzania una sehemu mbili. Ya kwanza huandikwa katika karatasi na kuingizwa benki. Ya pili hulipwa na umati: ni kuitwa jina sokoni, kupewa nafasi ya mbele katika foleni, kuimbwa katika daladala na watu wasiomjua mama yake, kupigiwa kelele na watu 60,000 siku ya Simba na Yanga. Azam yaweza kulipa sehemu ya kwanza vizuri kuliko karibu klabu zote za nchi. Sehemu ya pili haina. Hakuna aliyerithi Azam kwa babu yake, kwa kuwa babu yake alikuwa Yanga au Simba kabla kinu cha Mzizima hakijajengwa. Laiti kikomo cha mishahara kingewekwa Tanzania, kingepunguza sehemu ile ambayo Chamazi inaiweza na kuiacha ile isiyoiweza, na huenda kingewasaidia wale wale wawili wa Kariakoo. Wale wapendao kuleta sheria za ng'ambo wangefanya vema kulifikiri jambo hili kwanza. Kikomo hufaa pale ambapo mapenzi ya watu yamegawanyika kwa mji: watu wa Philadelphia na timu yao, wa Chicago na yao. Tanzania nzima, kutoka Bukoba hadi Mtwara, imegawanyika kwa rangi mbili.

Chipukizi nao wamekuwa na safari kama hiyo. Farid Mussa alitoka Chamazi akaenda Tenerife ya Hispania mwaka 2016. Aliporudi nyumbani alivaa jezi ya Yanga. Shaaban Idd Chilunda alikwenda Tenerife mwaka 2018, na baadaye akaonekana Simba. Mudathir alihamia Yanga Januari 2023, na punde akawa mtu wa kutegemewa pale. Kanuni za shirikisho la dunia huwapa walezi haki yao mchezaji anapouzwa nje: asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomlea tangu umri wa miaka 12 hadi 23. Lakini mkataba ukiisha hakuna ada, na pasipo ada hakuna cha kugawa asilimia yake.

Mmoja alikwenda kinyume cha njia hiyo, na safari yake ilionyesha uzito wa ile sehemu ya pili ya mshahara. Feisal Salum, Mzanzibari aitwaye Fei Toto, alikuwa kiungo mpendwa wa Yanga tangu mwaka 2018. Desemba 2022 aliwaaga mashabiki, akaweka shilingi milioni 112 katika akaunti ya klabu: milioni 100 za kuvunja mkataba, na milioni 12 za mishahara ya miezi mitatu. Yanga wakazirudisha. Kamati ya shirikisho la mpira ikaamua Januari 2023 kwamba yungali mchezaji wa Yanga. Akaomba marejeo, akashindwa tena. Kwa miezi mingi kijana mwenye nguvu zote alikaa bila kucheza, na waliokuwa wakimwimba wakamtukana. Wengine walimwona mtovu wa shukrani. Wengine walisikia habari za mshahara wake, ukilinganishwa na wa wageni aliocheza nao bega kwa bega, wakanyamaza. Sheria ilikuwa upande wa klabu, kwani mkataba ni mkataba; lakini klabu imshikayo mtu asiyetaka kuicheza huwa imeshika jina lake tu, miguu haimo. Hatimaye jambo lilifika Ikulu. Juni 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliwakaribisha Yanga chakula baada ya timu hiyo kufika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, akawaomba wayamalize na kijana huyo. Siku chache baadaye Azam ikamtangaza.

Msimu ule wa 2023/24 Feisal alifunga mabao 19. Azam ikamaliza ya pili, ikiwa na pointi 69 sawasawa na Simba, ikaipita kwa tofauti ya mabao na kupata nafasi ya kucheza Ligi ya Mabingwa ya Afrika. Na katika msimu huo huo uwanja wa Chamazi ulijaa kuliko kawaida, ila waliojaa hawakuwa wake: uwanja wa taifa ulikuwa katika matengenezo, na Yanga wakawa wanachezea mechi zao za nyumbani pale pale. Mwenye nyumba akasikiliza mgeni akiimbwa sebuleni mwake. Kisha Julai 2024 Prince Dube, mshambuliaji wa Zimbabwe, akiisha kugombana na Azam juu ya mkataba wake, naye akaenda Yanga. Mwezi uliofuata Azam ikaifunga APR ya Rwanda bao 1 Chamazi, ikafungwa 2 Kigali, na safari ya mabingwa ikaishia hapo. Kocha Youssouph Dabo wa Senegali akaondolewa, akaja Rachid Taoussi wa Moroko.

Katikati ya mwaka 2025 daftari zikafunguliwa tena. Safari hii klabu ilianza na mwalimu: ikamchukua Florent Ibenge wa Kongo, mtu aliyekwisha kuzoea mashindano ya bara zima. Oktoba ya mwaka huo Azam iliitoa KMKM ya Unguja, ikaingia kwa mara ya kwanza katika makundi ya Kombe la Shirikisho la Afrika, ikiwa na umri wa miaka 21. Mjini Kariakoo habari hiyo ilipokewa kwa adabu, kama apokewavyo mtoto wa jirani aliyefaulu mtihani. Kisha mazungumzo yakarudi kwenye Simba na Yanga, na kwenye swali la nani atakayemchukua Feisal mkataba wake ukiisha.