Bia Yangu na Bomba la Shaba

Wabongo wenzangu, hapa Uingereza tangu 1963 unaruhusiwa kupika bia nyumbani bila leseni, mradi huuzi. Basi mimi Mchaga nikajitosa. Mara ya kwanza niliacha sufuria ya lita 20 ipoe yenyewe usiku kucha, kama bibi anavyoacha ndizi zake za mbege. Ikachacha. Hela ya kubeba boksi wiki nzima nikaimwaga kwenye sinki! Mbege uchachu ndio utamu wake, tena inanyweka ndani ya siku mbili tatu. Bia inakaa wiki kadhaa, kwa hiyo maji ya kimea lazima yapozwe haraka hadi nyuzi 20 hivi ndipo utie hamira.

Nikaanza kutafuta kipoozeo. Kile cha mabamba kina kasi, lakini makapi ya hopsi yanaziba ndani na huwezi kuona kama kumesafika. Bei nayo, mweh! Nikachukua bomba la shaba lililosokotwa. Unalitumbukiza kwenye sufuria dakika 15 kabla hujazima jiko, vijidudu vife, kisha unapitisha ndani yake maji ya bombani. Maji ya Januari huku ni barafu tupu. Dakika 20 nimemaliza. Wenzangu wa nyumba wananung'unikia bili, ila yale yanayotoka moto wanafulia haohao.

Chupa tunafungua Machi. Njooni na nyama.