Vikeki vya Krimu na Soda ya Tangawizi

Katika safari zetu za kusomesha Meru na Embu, kina mama waliotoka mwambao hutuuliza: watoto wakitamani vikeki vya krimu vya madukani, tufanyeje? Twawajibu: kumkataza mtoto bila kumpa badala ni kumfundisha kula kwa siri. Vipikeni nyumbani.

Chemsheni kikombe 1 cha maji na nusu kikombe cha siagi. Tieni kikombe 1 cha unga, mkoroge hadi donge liachane na sufuria. Likipoa kidogo, tieni mayai 4, moja moja. Choteni kwa kijiko, mwoke kwa moto mkali hadi vikauke. Msifungue oveni mapema. Mvuke ndio unaoviumua, si hamira.

Soda ya tangawizi ichemsheni hadi iwe nzito kama asali, ipoe, kisha changanyeni na krimu iliyopigwa. Vanila na jelatini, someni kwanza kibandiko: huenda mna kileo au nguruwe.

Sahani ya kwanza mpelekeeni jirani, hata asiye Muislamu. Aliyeonja mkono wenu hatachukizwa mtoto wenu akiuliza kilichomo katika chakula chake.