Baada ya Mgeni Rasmi Kuondoka

Habari ya mafunzo ya watumishi huandikwa kabla mafunzo hayajaanza. Kila mwandishi wa mikoani analijua hili. Unafika ukumbini saa tatu, mgeni rasmi anafika saa tano, anasoma hotuba, anawataka washiriki waache kufanya kazi kwa mazoea, picha ya pamoja inapigwa kwenye ngazi, msafara unaondoka na sisi tunaondoka nyuma yake. Jioni habari iko hewani. Mafunzo yenyewe, zile siku mbili tatu zinazofuata, hayana mwandishi.

Siku ile Sumbawanga sikuondoka. Mvua ilikuwa inanyesha ile ya Ufipa, ya kukaa, halafu kwenye ratiba niliyopewa kulikuwa na kipindi kimoja cha siku ya pili asubuhi kilichonishika: "Kumbukumbu za mwanachuo". Washiriki walikuwa watu wa utawala kutoka vyuo vya Rukwa na Katavi: wasajili, wahasibu, walezi wa mabweni, makatibu muhtasi, watu wa masjala. Watu wa masjala walikaa nyuma kabisa. Nikasogea nikakaa nao, kwa sababu kichwani nilikuwa na binti mmoja wa Kate.

Kwa asiyekujua, Kate iko wilaya ya Nkasi, juu kwenye uwanda wa Ufipa, mahali ambapo mwezi wa saba unaamka na koti na ugali wa ulezi ndio chakula cha mtu mzima. Ni nchi ya misheni. Mapadre Weupe walifika mapema huku, na Ukatoliki ukaingia mpaka ndani ya ukoo. Mwanahistoria Kathleen Smythe ana kitabu kizima juu ya hilo, *Fipa Families* cha mwaka 2006, kinachofuatilia familia za Nkansi kuanzia 1880 hadi 1960. Ukitaka kujua misheni iliingia kiasi gani, sikiliza majina. Kwetu mtoto haitwi Neema wala Furaha tu. Anaitwa Radegunda. Anaitwa Gaudensia, Desderi, Oresta, Skolastika. Majina ya watakatifu yaliyotoka Ulaya kwa Kilatini, yakapita mdomoni mwa bibi anayesema Kifipa, yakaandikwa na mwalimu wa darasa la kwanza kwa Kiswahili.

Hapo ndipo shida ya binti wa shangazi yangu ilipozaliwa, miaka mingi kabla hajajua kuwa ni shida. Jina lake silitaji, lakini chukua mfano wa Skolastika. Kwenye kitabu cha ubatizo padre ameandika Scholastica. Shuleni mwalimu ameandika Skolastika, na hilo ndilo likaenda Baraza la Mitihani, likarudi kwenye cheti cha kidato cha nne na cha sita. Cheti cha kuzaliwa alikipata akiwa mkubwa, kama wengi wa vijijini, na karani aliyekijaza akasikia kwa sikio lake: Skolasitika. Jina la ukoo nalo lina "l" ambayo mtu mmoja njiani aliigeuza kuwa "r". Mtu ni mmoja, mama yake yupo, jirani wanamjua, padre anamjua. Karatasi zinasema ni watu watatu.

Alichaguliwa chuo nje ya mkoa. Ukitoka Kate unapanda kinachopatikana mpaka Sumbawanga, unalala kwa ndugu, alfajiri unapanda basi la Tunduma na kuendelea. Alifika na sanduku na godoro. Dirishani akaambiwa majina hayafanani, akalete kiapo. Akarudi. Wakili wa Sumbawanga akamwandikia hati ya kiapo, akalipa, akasafiri tena. Safari ya pili akaambiwa kiapo ni kizuri ila kinatakiwa kwenda na barua ya shule. Barua hiyo hakuna aliyekuwa ameitaja safari ya kwanza. Alipokuja na barua, usajili ulikuwa umefungwa, na mkopo nao hivyohivyo, maana Bodi ya Mikopo inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, na uhakiki hauwezi kukaa sawa kama jina lenyewe halijakaa sawa. Wakamshauri aahirishe mwaka. Kuahirisha ni neno jepesi likisemwa dirishani. Mwaka ule shangazi aliuza mbuzi wawili kwa ajili ya nauli tu, na binti akarudi kupiga matuta ya ntumba, yale ya kufukia majani chini ya udongo yaoze yawe mbolea. Alikuwa anajua kuyapiga tangu akiwa na miaka tisa. Hakwenda kidato cha sita kwa ajili ya hayo.

Niseme wazi: aliyemhudumia hakuwa mtu mbaya. Shangazi mwenyewe aliniambia, "Mwanangu, yule kijana alikuwa na adabu. Kila mara alimwambia pole." Ndiyo maana nilitaka kukaa na watu wa masjala. Nilitaka kujua mtu mwenye adabu anamrudishaje mtoto mara tatu.

Mwezeshaji wa kipindi kile alikuwa mama mmoja mstaafu, msajili wa miaka mingi. Hakuwasha projekta. Aligawa majalada, moja kwa kila meza, majina yamefutwa kwa wino mweusi isipokuwa herufi zilizogombana. Akasema: someni, kisha kila mmoja aandike dokezo kana kwamba mwanachuo amesimama dirishani sasa hivi. Dakika kumi.

Karibu wote waliandika kitu kimoja: arudi nyumbani akarekebishe.

Mama akauliza, "Nyumbani ni wapi?" Kimya. "Limo humo ndani ya jalada, someni." Watu wakafunua karatasi. Mmoja akasema kwa sauti ya chini, Kirando. Ni huko chini kwenye ziwa, Tanganyika. "Nauli shilingi ngapi kutoka chuoni kwenu?" Wakaanza kuhesabu: basi, kulala njiani, basi tena, kurudi. Yule wa kwanza kumaliza hakuitaja hesabu yake, aliizungushia tu duara kwenye daftari.

Kaka mmoja wa masjala, aliyekaa karibu nami, akanyoosha mkono. Alichosema nilikiandika neno kwa neno. "Mama, shikamoo, lakini naomba niseme ukweli. Mimi nikimpokea na jina limekosewa, mkaguzi akija ananikata mimi. Huyo binti hatakuwepo kunitetea. Mkuu wa chuo naye atasema hakujua."

Ukumbi mzima uliguna, ule mguno wa kukubali.

Na hapo nikaelewa kitu ambacho hotuba ya ufunguzi isingenifundisha. Watu hawa walishapata mafunzo, tena makali kuliko yoyote ya ukumbini. Mwaka 2017 uhakiki wa vyeti ulipomalizika, orodha ya watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi ilikabidhiwa kwa Rais Magufuli pale Dodoma, na wakaondolewa kazini. Wengi tuliona ni haki, na kwa sehemu kubwa ilikuwa haki. Lakini kwenye kila ofisi yenye makabati ya mafaili somo lililobaki lilikuwa hili: jina lisilofanana ni hatari kwako wewe unayelishika. Hofu iliyowakusudia waongo ikateremka ngazi kwa ngazi mpaka dirishani, ikamkuta mtoto wa Kate ambaye kosa lake ni kubatizwa kwa jina refu.

Mama hakumkemea yule kaka. Alimwambia ana haki ya kuogopa, ila ajue anachokiogopa. Kisha akafundisha, na mimi nikaandika kama mwanafunzi. Cheti cha kughushi na jina lililokosewa ni vitu viwili. Anayeghushi anabeba matokeo ya mtu mwingine, au matokeo yasiyokuwepo kabisa. Kwa hiyo kitu cha kwanza kutazama si herufi, ni namba ya mtihani. Namba inaonyesha shule, mtahiniwa na mwaka, na Baraza la Mitihani linaweza kuithibitisha hata kama "k" imekuwa "ch". Namba ikikubali, kilichobaki ni maandishi: kiapo kinachotaja tahajia zote, si moja, na barua ya shule. Kama mtu anataka jina jipya kabisa, hiyo ni habari nyingine, ina hati yake na msajili wake. Halafu, alisema, mpe orodha yote siku ya kwanza, kwenye karatasi, isainiwe na wewe na yeye, nakala ibaki kwenye jalada. "Andika nani aliamua, lini, kwa ushahidi gani. Mkaguzi hakati mtu aliyeandika. Anakata aliyekaa kimya."

Sijui kama hilo la mwisho ni kweli siku zote. Nimeona ripoti za ukaguzi. Lakini nilimwona yule kaka akilipigia mstari mara mbili.

Kipindi kilikuwa cha saa mbili tu. Kabla yake tulikuwa tumekaa asubuhi nzima na uongozi wa kimkakati, na baada yake mchana wote na maono na dhima. Sina chuki na maono. Nchi hii imewahi kulichukulia suala hili kwa uzito sana. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilipoanza mwaka 1975, kwa wazo ambalo Mwalimu Nyerere alilitoa Uswidi, baadhi ya wakuu na wakufunzi wa mwanzo walipelekwa hukohuko Uswidi kujifunza namna ya kuviendesha. Leo viko 54, na kimojawapo kiko Chala, jirani kabisa na kwetu. Bagamoyo kuna ADEM, iliyokuwa MANTEP, kazi yake ni kufundisha viongozi wa elimu. Chuo cha Utumishi wa Umma, kilichoundwa mwaka 2000, kinafundisha hata utunzaji wa kumbukumbu, na Tabora yake imetoa makatibu muhtasi wa vizazi na vizazi. Na sasa mradi wa HEET, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, unajenga kampasi katika mikoa ambayo haikuwa na vyuo vikuu na unagharamia mafunzo ya watumishi wake pia. Hela ya kufundisha watu ipo, tena nyingi.

Ninachouliza ni nani anapanda gari. Yule kaka wa masjala aliniambia wakati wa chai kwamba ana miaka kumi na moja kazini na hii ndiyo semina yake ya kwanza nje ya chuo. Alikuja kwa sababu bosi wake alipata nyingine Dodoma tarehe zilezile. Mtu wa chini huja kwa kubahatisha. Mfumo mpya ukiletwa, mkuu anaenda kuonyeshwa unavyopendeza, kisha anarudi na nywila kwenye bahasha na kumkabidhi karani: haya, anza. Mkuu wa chuo hamwoni binti mwenye godoro. Anaona jedwali mwisho wa mwezi, na waliorudishwa nyumbani hawamo kwenye jedwali, kwa kuwa hawakuwahi kusajiliwa.

Jioni nilituma habari. Mhariri alitaka ya mgeni rasmi na akapata ya mgeni rasmi, aya tisa. Chini yake nikaweka aya moja kuhusu namba ya mtihani. Ilikatwa kwa kukosa nafasi. Kurasa za daftari langu nikazipiga picha, nikamtumia binti wa shangazi.

Aliandaa kila kitu kabla dirisha la udahili halijafunguliwa: kiapo chenye tahajia zote nne (ya kitambulisho cha taifa nayo ilikuwa na lake), barua ya shule, barua ya paroko aliyofunua kitabu kile cha ubatizo mwenyewe, na karatasi ya juu kabisa aliyoiandika kwa mkono, "Orodha ya nyaraka zangu", yenye sehemu mbili za sahihi. Aliomba chuo kingine. Aliponipigia simu kutoka huko nikauliza walisemaje. "Kaka, yule dada alishangaa. Akasema hajawahi kuona mtu anamletea dirishani karatasi ya kusaini yeye. Akaenda kumuuliza mtu ndani." Halafu? "Akasaini." Mkopo ulichelewa, bumu la kwanza likamkuta anakula kwa kukopa kwa wenzake, lakini alikuwa ndani.

Mwaka huu dada yake mkubwa amejifungua mtoto wa kike hukohuko Kate. Babu alitaka Radegunda, jina la mama yake mzazi. Kikao kilikaa, simu zikapigwa mpaka chuoni. Wameamua aitwe Ana. Shangazi anasema paroko alipoandika alisimama juu yake kuhakikisha ni "n" moja.