Jogoo wa Sebuleni

Wahenga walisema jogoo la shamba haliwiki mjini. Wangu anawika, tena saa kumi alfajiri, nyuma ya kochi. Nimemlea tangu kifaranga, ndiyo maana haniogopi. Kwake mimi ni jogoo mwenzake. Alipofika miezi 5 akaanza kuniangushia bawa na kunizunguka kwa ubavu. Mama akasema, "Mchinje huyo, atamtoboa mjukuu wangu jicho."

Simpigi teke, kwake teke ni kukubali pambano. Namsogelea polepole mpaka anipishe. Akigoma, nambeba kwapani hadi atulie. Ule mwiba wa mguuni nausugua ncha kwa tupa. Mapajani alipoteza woga. Adabu imebidi ajifunze sakafuni, kila siku. Hata hivyo, mwanangu simwachi naye peke yake.