Kwenda Bagamoyo na Mtoto wa Mgongoni

Ndugu msomaji, ikiwa wewe na mwenzio mmeazimia kuitembelea Bagamoyo pamoja na mtoto ambaye bado hajatimiza miaka miwili, msianze kwa kuorodhesha majengo mtakayoyaona. Anzeni na saa za mtoto mwenyewe: huamka lini, hula au kunyonya lini, na usingizi wake wa mchana humchukua wakati gani. Kutoka Dar es Salaam hadi Bagamoyo ni kilomita zipatazo 70, nazo si nyingi. Lakini jua la pwani likishapanda, huwa ndefu kwa kiumbe asiyeweza kusema kwamba ana kiu.

Wako waliotutangulia katika jambo hili. Katika karne ya 19 misafara ya Wanyamwezi ilitembea kwa miezi kutoka bara hadi Bagamoyo, na baadhi ya wapagazi walifuatana na wake zao na watoto wao. Misafara hiyo ilikuwa ikiondoka alfajiri na kutua kabla ya jua la utosi. Sioni kwa nini mwenye gari audharau utaratibu huo. Ondokeni saa 12 asubuhi. Mtoto akae nyuma, katika kiti chake maalumu kilichofungwa barabara. Kumpakata mbele ni mazoea yetu ya siku nyingi, lakini mikono ya mama haina nguvu ya kumzuia gari lifungapo breki kwa ghafla. Simameni mara moja, Bunju au Mapinga, anyonye na kubadilishwa nepi.

Nendeni kwanza Kaole, yapata kilomita 5 kusini mwa mji. Yako magofu ya misikiti 2, mmoja ukikadiriwa kuwa wa karne ya 13, na makaburi ya mawe ya matumbawe, mengine yenye nguzo. Pahali hapo panamfaa mtoto kuliko majengo yote ya mjini, kwani ni uwanja wa wazi. Tandikeni mkeka kivulini, baada ya mmoja wenu kuangalia kama hapana siafu wala miiba. Lakini mtoto asikalishwe juu ya kaburi kwa ajili ya picha. Pale wamelala watu. Upo pia mbuyu mkongwe ambao, kwa masimulizi ya wenyeji, anayeuzunguka huongezewa umri. Baba na auzunguke, mtoto akiwa katika mbeleko. Ingawa kati yao wawili, nadhani baba ndiye mwenye haja zaidi.

Kufikia saa 4 hapana budi kuchagua. Ngome Kongwe ya mwaka 1860 na Boma la Wajerumani la 1897 zitazameni mkipita. Mimi ningechagua Misheni ya Wakatoliki, iliyoanzishwa mwaka 1868, kwa sababu ya kivuli cha miembe yake na kwa sababu ya Chuma na Susi, ambao pamoja na wenzao waliufikisha hapo mwili wa Livingstone Februari 1874, baada ya kuubeba kutoka nchi ambayo leo ni Zambia. Mmoja wenu aingie katika makumbusho, mwingine abaki nje na mtoto, kisha mpokezane. Kamwe mtoto asiachwe ndani ya gari lililosimama juani, hata kwa dakika chache.

Aliye chini ya miezi sita maziwa ya mama yanamtosha, hata wakati wa joto. Mkubwa zaidi apewe maji yaliyochemshwa nyumbani na uji wa kwenye chupa ya chai. Pakiti mbili za chumvichumvi ya kuongeza maji mwilini zisikosekane mfukoni. Mara mfikapo mjini, ulizeni hospitali ya wilaya iko upande gani. Homa ikitokea, ndiko pa kwenda, si kuendelea na matembezi.

Ufukweni nendeni baada ya usingizi wake. Waulizeni wavuvi kama maji yanapwa au yanajaa, kwa maana pwani ile ni tambarare na maji hurudi mbali.

Wengi hupenda kuunganisha na Saadani, hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, ambako wanyamapori hufika hadi kando ya bahari. Kwa mtoto huyu, hapana. Ni saa kadhaa zaidi garini, na mbung'o wa huko huwauma wakubwa kwa wadogo. Na asubiri hadi aweze kumtaja tembo kwa jina. Siku hiyo anzeni kurudi saa 9 alasiri, ili mfike nyumbani kabla mbu hawajatoka. Na kama mmeamua kulala Bagamoyo, chukueni chandarua chenu wenyewe, pamoja na kamba ya kukitundikia.