Fedha ya Hofu na Fedha ya Akili

Ndugu wazazi, nanyi walimu, sisi twakaa Nkome, ukingoni mwa ziwa, katika mkoa wa Geita. Twataka kuwaeleza habari ya nyumba yetu, ingawa yatutia haya, maana huenda nyumba nyingine inakaribia kosa lile lile.

Mtoto wetu wa kwanza alipokuwa na miezi sita alishikwa na homa na kuharisha. Bibi mmoja jirani alimfunua kinywa, akaona uvimbe mweupe katika ufizi, mahali pa chonge. Akasema, "Wanangu, haya ni meno ya nailoni. Yasipotolewa, mtoto atakufa." Siku zile zilikuwa za mbalamwezi, dagaa hawavuliwi, na nyumbani hapakuwa na fedha. Hata hivyo tulikopa, tukauza na jogoo, tukampelekea mganga wa kienyeji. Naye akachimbua ufizi kwa chuma kilichochongoka. Mtoto alilia hata sauti ikamkauka, na damu ikatoka usiku kucha.

Kulipokucha tulikwenda zahanati. Huko alinyweshwa maji yenye dawa ya chumvi na sukari, na siku ya tatu kuharisha kukakoma. Ndipo tukaelezwa kwamba meno ya nailoni hayako. Uvimbe ule ni jino changa ambalo halijatoka bado. Kuharisha huletwa na uchafu, kwa kuwa umri ule ndipo mtoto aanzapo kula vyakula na kutia kila kitu kinywani. Imani hii imejulikana katika nchi yetu tangu miaka ya 1980, na Uganda huitwa ebinyo. Chuma kichafu chaweza kuleta pepopunda, hata virusi vya Ukimwi. Tena chaweza kuharibu jino la kudumu lililo chini yake.

Mtadhani tulijifunza. Sivyo. Tuliposhauriwa kununua mswaki na dawa ya meno yenye floridi, tulijibu, "Meno ya utoto huanguka yenyewe; ya nini kuyagharimia?" Hatukujua kwamba mtoto afikapo miaka sita, gego la kudumu huota nyuma ya meno yote ya utoto, pasipo jino lolote kung'oka kwanza. Wazazi wengi hulidhani la utoto. Mwanetu alipofika miaka minane, gego hilo lilikuwa limeoza hata lisiweze kuzibwa. Tukalipa nauli ya kwenda Geita, tukalipa na gharama ya kung'oa.

Usiku ule tulihesabu, mume na mke. Fedha ya mganga, nauli na kung'oa ingaliweza kununua miswaki na dawa ya meno ya nyumba nzima kwa miaka kadhaa. Basi hatukuwa wachoyo, wala hatukukosa fedha kabisa. Hofu ilipotudai tulilipa. Akili ilipotudai tulisema hatuna.

Sasa tunaye mtoto wa pili, mwenye miaka miwili. Kila msimu wa giza, dagaa wakiisha kuuzwa, dawa ya meno hununuliwa kabla ya soda na peremende. Asubuhi na kabla ya kulala twamsugua meno wenyewe kwa dawa kiasi cha punje ya mchele. Akitimiza miaka mitatu itakuwa kiasi cha njegere. Mkono wake tutausimamia mpaka miaka saba au minane, na baada ya kusuguliwa usiku hanywi chai ya sukari.

Nanyi walimu, watoto wa darasa la kwanza ndio wanaoota gego lile. Waambieni wazazi wao mapema.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini gego la kudumu halina fundi wa kuliotesha tena. Mkubwa wetu, ambaye chonge zake zimeota upande, huziba kinywa kwa mkono kila achekapo. Nasi twamtazama, tukikumbuka jogoo tuliyemwuza.