Mke Mwenza wa Chumba cha Mbele

Mke wangu aliipa mashine ile jina kabla haijawaka: mke mwenza. Hakukosea sana. Ilikaa chumba cha mbele cha nyumba yetu hapa Chake Chake, ilikula fedha tulizoziweka kwa ajili ya bati, na usiku ndiyo iliyokuwa ikinikesha.

Chanzo chake kilikuwa mirathi. Marehemu baba alituachia shamba la mikarafuu upande wa Mtambile, kwenye mteremko unaoishia bondeni. Tangu kimbunga cha mwaka 1872 kiangushe mikarafuu ya Unguja na kisiwa chetu kunusurika kwa sehemu kubwa, mali ya Mpemba huhesabiwa kwa miti. Kaka yetu mkubwa, aliyekuwa akisimamia mavuno, alisema miti iliyo hai haizidi 110. Dada yetu alisema inazidi. Hakuna aliyelitamka neno dhulma, lakini kila tulipokutana, iwe harusini au msibani, lilikuwa limeketi katikati yetu.

Mwaka 2016 visiwa vyetu vilianza kupigwa picha kwa droni, kazi ya Kamisheni ya Ardhi iliyowashirikisha vijana wa SUZA. Picha za miaka hiyo, hata hivyo, haziwezi kusema ni mkarafuu gani umekufa baadaye. Basi mwaka 2023 mtoto wa dada, ambaye ana rafiki mwenye droni na kibali chake, alinijia na picha 640 za shamba letu. Kazi iliyobaki ilikuwa kuziunganisha ziwe ramani moja. Mimi ni mwalimu mstaafu wa hesabu, na nilidhani ni jambo la asubuhi moja.

Programu ya kazi hii hutafuta ndani ya kila picha maelfu ya alama, ncha ya tawi, jiwe, ukingo wa njia, kisha huzilinganisha picha kwa picha mpaka ijue kila moja ilipigwa kutoka wapi na kila jani liko juu kiasi gani. Kompyuta yangu ya mkononi, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8, ilikwama usiku wa kwanza. Usiku wa pili ikakwama pale pale. Kupeleka picha kwa intaneti zikafanyiwe kazi kwingine kulitaka vifurushi vingi vya simu na, niseme kweli, sikupenda ugomvi wa nyumbani kwetu upite mikononi mwa watu.

"Mjomba," kijana akasema, "tuunde yetu."

Nilijifunza kwamba dunia hutupa vitu vizima. Prosesa aina ya Xeon E5-2670 zilitoka mwaka 2012 kwa ajili ya seva za makampuni, na zilikuwa ghali. Makampuni yalipobadilisha seva zao, zikauzwa kama mitumba. Kila moja ina viini vinane. Tukachukua mbili, na mazabodi yenye kuzipokea zote mbili, na vipande 16 vya kumbukumbu vya gigabaiti 8 kila kimoja. Kadi za michoro nazo zina kisa chao. Watu walizinunua kwa wingi kuchimbia sarafu ya Ethereum. Septemba 2022 mtandao wa sarafu ile ukabadili utaratibu wake, kadi zikakosa kazi, zikaingia sokoni. Tukapata tatu za GTX 1060 kutoka Dar es Salaam. Zilikuja kwa meli hadi Mkoani, zimefungwa ndani ya godoro la mtoto.

Mazabodi haikuingia katika kasha lolote tulilokuwa nalo, kwa kuwa bodi za seva ni pana. Seremala wa jirani akatutengenezea fremu ya mbao, akiuliza mara mbili kama tunafuga njiwa.

Ilipowaka, ilionesha gigabaiti 112 badala ya 128. Nilibadilisha vipande hivyo vya kumbukumbu siku nzima. Katika bodi za namna hii kila prosesa ina kumbukumbu yake na nafasi zake za kadi. Ni kama ndugu wawili wenye majiko mbalimbali: mmoja akihitaji chumvi ya mwenzake hana budi kuvuka ua, na ukimwondoa wa pili, nafasi zake zote zinakufa. Kasoro ilikuwa upande wa pili. Nikaitoa prosesa, nikaazima lensi ya sonara, nikakuta kati ya vijipini 2,011 vya soketi ile kimoja kimelala. Nilikiinua kwa sindano ya mke wangu ya kushonea kofia. Mkono ulitetemeka kuliko siku ya ndoa. Gigabaiti 128 zikatimia.

Kadi ya tatu, nakiri, ilikuwa tamaa. Kazi ya kupima kina iligawanyika vizuri kwa kadi mbili. Ya tatu muda mwingi ilizungusha feni tu, huku zote zikisubiri prosesa. Na rahisi yake ililipwa kwenye mita: prosesa wati 115 kila moja, kadi 120 kila moja, na vinginevyo, jumla zaidi ya wati 600. Saa kumi ni yuniti sita. Tangu mwaka 2010 umeme wetu huja kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, lakini usiku wa kwanza wa kazi ulikatika saa tisa, kibetri cha akiba kikashika dakika chache, na kila kitu kikaanza upya. Tangu hapo tukawa tunahifadhi kila hatua.

Ijumaa moja baada ya sala niliwaita. Ramani ilikuwa wazi hata ukaona majani yaliyoanikwa uani kwa jirani. Kijana alikuwa ametia alama miti 137. Dada akasogea, akaweka kidole kwenye kioo.

"Huu si mkarafuu, mfenesi huu. Na huu. Huu mwembe wa bibi." Akaondoa tisa. Kisha akasema chini ya mfenesi ule wa kwanza kuna mikarafuu miwili ambayo mbingu haiioni, aliipanda mwenyewe na baba. Ikawa 130.

Kaka hakusema kitu. Alivaa miwani, akaomba aoneshwe tena upande wa bondeni, karibu zaidi. Akautazama muda mrefu.

"Huku sijashuka," akasema, "tangu goti hili liniume."